Marubani wa Maziwa Makuu: Urafiki na Ushindani katika Miaka ya Mwanzo ya Usafiri wa Anga, 1914–1936

Mji wa Gisenyi, ambao leo ni kitovu cha Wilaya ya Rubavu katika kona ya kaskazini ya Ziwa Kivu, hautajwi sana katika historia ya usafiri wa anga, kwa kuwa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati ndege zilipoanza kutumika katika Afrika Mashariki na Kati, mji huo ulikuwa kituo cha mpakani cha Wajerumani kilichopiganiwa kwa bunduki, mizinga midogo na mitumbwi, bila ndege hata moja. Hata hivyo, ukitaka kujua kwa nini ndege za kwanza za kivita zilisafirishwa hadi katikati ya bara, huna budi kuanzia ufukweni mwa Kivu. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, akitokea mashariki, aliivuka Rwanda, akapokewa na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, kisha akalifikia ziwa hilo na kuupanda Nyiragongo, mlima wa moto unaouangalia mji wa Gisenyi kutoka upande wa pili wa mpaka. Kati ya 1901 na 1906 mtu huyo alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na katika kipindi chake Vita vya Maji Maji vilizimwa kwa ukatili mkubwa. Baadaye jina lake likapewa meli kubwa iliyounganishwa Kigoma. Meli hiyo, Graf von Götzen, ndiyo iliyowafanya Wabelgiji wasafirishe ndege kwa bahari, mto na reli hadi Ziwa Tanganyika.

Wanahistoria wengi huyasimulia mambo haya kama mashindano ya mataifa, na ni kweli kwamba serikali na makamanda walishindana, mara nyingi kwa ukaidi uliogharimu maisha. Lakini ukiwafuatilia marubani wenyewe unaona sura nyingine. Katika miaka ile rubani hakujua kama injini yake ingedumu hadi jioni, na aliyemwokoa alikuwa mara nyingi mwenzake wa kiti cha nyuma, fundi wake, au hata mtu aliyekuwa adui yake miaka michache kabla. Tena wote walikuwa na mpinzani mmoja asiye na bendera, yaani hewa yenyewe. Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta pamoja na hewa, na bawa huinua ndege kwa kusukumana na hewa. Kwa hiyo mahali palipo juu, au penye joto kali, ambapo hewa ni nyepesi, injini hudhoofika na bawa hupoteza sehemu ya uwezo wake. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Ndege iliyopaa kwa shida kutoka majini kule Tanganyika isingekuwa na matumaini makubwa mbele ya Gisenyi, hata kama pangekuwapo na njia ya kuifikisha huko.

Ndege ya kwanza katika sehemu hii ya Afrika haikuletwa kwa vita. Mwaka 1914 Bruno Büchner, Mjerumani aliyepata sifa kwanza katika mbio za baiskeli kabla ya kuingia katika urubani, alifika Dar es Salaam na ndege yake ya mabawa mawili baada ya kufanya maonyesho katika Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani. Mji ulikuwa ukijiandaa kwa maonyesho makubwa ya mwezi Agosti, ambayo pamoja na mengine yangesherehekea kukamilika kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, na ndege ilikusudiwa kuwa moja ya vivutio. Vita vikaanza kabla ya sherehe. Büchner na ndege yake wakaingizwa jeshini, na kabla mwaka haujaisha ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuanguka na kumuua afisa aliyekuwa akiirusha. Upande wa Wajerumani ukabaki bila ndege kwa muda wote uliosalia wa vita, jambo linaloeleza kwa nini katika historia hii hakuna pambano la ndege kwa ndege angani.

Waingereza nao walilazimika kutafuta ndege kwa haraka kwa sababu ya manowari moja. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishtukiza manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini Zanzibar na kuizamisha, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika katika mikono mingi inayopita katikati ya misitu ya mikoko. Manowari za Kiingereza zilikuwa nzito mno kuingia humo, na kutoka baharini hakuna aliyeweza kuona nyuma ya mikoko. Pakahitajika jicho la juu. Huko Durban palikuwa na raia mmoja, Dennis Cutler, aliyekuwa akirusha mashua-ndege ya Curtiss, yaani ndege ambayo kiwiliwili chake kimeundwa kama mashua ili itue majini moja kwa moja. Jeshi la Maji likamwajiri pamoja na chombo chake, likampa cheo, likampeleka kwa meli hadi visiwa vidogo vilivyo mbele ya delta.

Yaliyompata Cutler mnamo Novemba 1914 yanaonyesha jinsi urubani wa wakati huo ulivyokuwa kazi ya kubahatisha. Katika safari yake ya kwanza alipotea njia, akatua karibu na kisiwa, ikabidi meli itumwe kumtafuta. Rejeta, yaani kifaa cha kupoza maji ya injini, ilikuwa ikivuja, na kwa kuwa hapakuwa na vipuri vya ndege popote karibu, manowari ilitumwa Mombasa na kurudi na rejeta ya gari aina ya Ford, ambayo mafundi waliilazimisha ikae mahali pake. Kwa kifaa hicho cha gari Cutler alipaa tena na kuiona Königsberg, ikiwa ndani zaidi kuliko maafisa walivyodhani. Baadhi yao walisita kumwamini mpaka afisa mwingine alipochukuliwa angani akajionea kwa macho yake. Tarehe 10 Desemba injini ilimkatikia juu ya delta, akashuka mtoni na kutekwa. Afisa kijana Gallehawk, aliyekuwa akishirikiana naye, aliingia mdomoni mwa mto kwa boti chini ya risasi akaivuta ndege na kuitoa, ingawa rubani mwenyewe alikuwa amekwisha kupelekwa nchi kavu na Wajerumani. Mtu huyu wa maonyesho ya kiraia, aliyefanya kazi ambayo wanajeshi wenye vyombo rasmi walishindwa kuifanya kwa miezi kadhaa baadaye, anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa.

Waliomfuata walikuwa marubani wa Kikosi cha Anga cha Jeshi la Maji la Uingereza, wakiongozwa na John Tulloch Cull. Ndege-maji walizokuja nazo mapema 1915, yaani ndege zilizofungwa maboya mawili mahali pa magurudumu, hazikuweza kuhimili hali ya hewa ya pwani: gundi iliyoshika mbao ililegea kwa unyevu, injini zilipata moto kupita kiasi, na nyingine zilikataa kabisa kupaa zikiwa na watu wawili. Ndege za aina nyingine zililetwa, na katikati ya mwaka huo, baada ya kiwanja kusafishwa katika Kisiwa cha Mafia, zikaja ndege za magurudumu za Caudron na Henri Farman. Pamoja nazo zilifika monita mbili, Severn na Mersey, manowari pana zisizozama sana majini, zilizoweza kuingia mtoni na kufyatua mizinga mikubwa juu ya miti bila kuiona shabaha. Kazi ya ndege ilikuwa kuziangalizia: mwangalizi aliyekaa pamoja na rubani alitazama kombora limeangukia wapi, kisha kwa simu ya upepo, ambayo haikutumia waya, aliwaambia wapigaji wasogeze mlengo kulia, kushoto, mbele au nyuma.

Shambulio la kwanza, la tarehe 6 Julai, halikufaulu. Tarehe 11 Julai 1915 Cull alipaa tena katika Henri Farman akiwa na mwangalizi Harwood Arnold, aliyetokea Kanada. Walipokuwa juu ya Königsberg mizinga yake iliwapiga na injini ikasimama. Hapo ndipo ushirikiano wa watu wawili ulipojaribiwa hasa. Arnold alituma taarifa kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua, kisha, ndege ikiwa inateremka bila injini, akaendelea kuangalizia na kutuma masahihisho ya mlengo yaliyoyasogeza makombora kutoka omo la manowari hadi katikati yake, na Cull kwa upande wake aliishika ndege iteremke kwa namna ambayo mwenzake angeweza kuendelea kuona. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje, ilhali Cull alinaswa na mkanda wake chini ya maji, na Arnold akarudi kumtafuta kabla mashua haijawafikia. Wote wawili walipona na kutunukiwa nishani. Königsberg, ikiwa inawaka moto, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe.

Katika masimulizi mengi historia ya Rufiji huishia hapo, na huo ni upungufu, kwa maana Wajerumani waliingia majini wakaiopoa mizinga yote 10 mikubwa ya manowari hiyo, yenye mdomo wa milimita 105, wakaitawanya kila upande wa nchi, na mmoja ukasafirishwa kwa Reli ya Kati hadi Kigoma kufungwa juu ya Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande vilivyopakiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi, ikabeba askari kwa mamia, na kwa mzinga wa Königsberg hapakuwa na chombo katika Ziwa Tanganyika kilichothubutu kuikabili. Kwa njia hiyo ushindi wa Cull na Arnold pwani uliwaongezea Wabelgiji tatizo ziwani.

Wabelgiji walikuwa wameomba msaada, na jibu la kwanza la Waingereza lilikuwa boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zilizokokotwa kutoka Afrika Kusini kwa reli, kwa magari ya mvuke na kwa nguvu za maelfu ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja. Kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, aliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Baada ya hapo alipoiona Götzen hakuthubutu kuikabili, na uhusiano wake na makamanda wa Kibelgiji, akiwemo Georges Moulaert, uliharibika kwa ugomvi juu ya nani awe na amri ziwani. Huu ni ushindani wa aina iliyo duni kabisa. Watu wawili waliokuwa na adui mmoja, katika ufuo mmoja, walishindwa hata kupanga shambulio la pamoja, na askari na wapagazi wao wakaendelea kungoja katika homa.

Jibu la pili lilikuwa ndege. Uingereza iliwapa Wabelgiji ndege-maji nne za aina ya Short 827, ambazo ziliondoka Uingereza kwa meli Januari 1916 pamoja na marubani na mafundi wa Kibelgiji chini ya de Bueger. Kutoka mdomo wa Mto Kongo zilipanda reli, zikahamishiwa katika meli za mtoni, zikapanda reli tena, zikaingia tena mtoni, na hatimaye zikafuata reli ya Kabalo hadi Lukuga, ambayo ilikuwa imelifikia Ziwa Tanganyika mwaka mmoja tu kabla. Kila mahali njia ilipobadilika, masanduku ya mabawa, injini na mabomu yalishushwa na kupandishwa kwa mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya Wakongo. Majina ya marubani yamehifadhiwa: Behaeghe, Orta, Castiau, Collignon, Russchaert. Ya wabebaji hayakuandikwa, na pengo hilo lazima litajwe kila historia hii inaposimuliwa, maana bila wao hakuna rubani hata mmoja ambaye angeruka.

Kambi iliwekwa karibu na Mtoa, kaskazini ya mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie, katika maji yaliyokingwa, kwa sababu mawimbi ya ziwa lenyewe yangeyavunja maboya. Mei 1916 Aimé Behaeghe, mzaliwa wa Kachtem katika Flandria ya Magharibi, aliyekuwa amejifunza kuruka kabla ya vita, alipaa kutoka hapo. Kila safari ilikuwa ya kupimana na uzito: ndege ilikimbia majini umbali mrefu, ikipigwapigwa na maji, kabla ya kukubali kuinuka, na mara nyingi ilibidi kuchagua kati ya mafuta zaidi na mabomu zaidi. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa, na aliyekatikiwa na injini njiani hakuwa na mahali pa kutua ila maji yenyewe, mbali na mashua yoyote ya upande wake.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na Collignon walivuka ziwa na kuiangushia mabomu Götzen bandarini Kigoma. Waliamini wameipiga. Meli haikuzama, na kilichokuwa kimefungwa juu yake wakati huo hakikuwa tena mzinga wa Königsberg, kwa kuwa Wajerumani waliuondoa mwezi Mei kuupeleka kwa majeshi ya nchi kavu, wakaweka gogo lililochongwa mfano wake. Hivyo marubani wawili walihatarisha maisha yao kushambulia chombo ambacho nguvu yake ilikuwa imekwisha kung'olewa, na Spicer-Simson kwa miezi mingi aliogopa kivuli kile kile. Mashambulio ya anga yaliendelea hadi Julai. Hata hivyo thamani yake isipimwe kwa mabomu yaliyolenga, kwani kwa mara ya kwanza jeshi la Kigoma lilijua kwamba linaonekana, na kwamba ziwa halilikingi tena. Majeshi ya Kibelgiji yaliyokuwa yameichukua Gisenyi na Kigali mwezi Mei yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini, na tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya wahandisi waliokuwa wameiunganisha kuzipaka injini zake grisi kwa unene ili siku moja iweze kuinuliwa. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka.

Baada ya hapo marubani wa Mtoa walibaki bila kazi ya kivita, na homa ikaanza kudai fungu lake. Behaeghe alifariki Niemba tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na umri wa miaka 26. Aliyekuwa amevuka Ziwa Tanganyika kwa ndege ya mbao na kitambaa na kurudi salama aliuawa na ugonjwa katika stesheni ndogo ya reli, na wenzake ndio waliomzika. Meli aliyoishambulia imeishi kuliko wote: Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na ile grisi ya wahandisi ilikuwa imezihifadhi injini zake.

Mgawanyo wa nchi baada ya vita uliiweka Gisenyi, pamoja na Rwanda na Burundi yote, chini ya Ubelgiji, huku Kigoma na Tabora, ambazo Wabelgiji walikuwa wamezitwaa kabla ya Waingereza, zikienda Uingereza. Kwa Ubelgiji swali likawa jinsi ya kuifikia Kongo bila kusafiri majuma matatu baharini. Ndege-maji zilitumika kwa muda juu ya Mto Kongo, kati ya 1920 na 1922, katika njia iliyopewa jina la Mfalme Albert, kisha zikasimamishwa. Aliyelifufua wazo hilo kwa nguvu alikuwa Edmond Thieffry, wakili kutoka Etterbeek aliyekuwa rubani wa kivita, akaangusha ndege 10 za adui na kutekwa mwanzoni mwa 1918.

Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 katika ndege ya Handley Page yenye injini tatu, akiwa na Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, na walitua Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51, lakini saa walizokuwa hewani zilikuwa 75 na dakika 25 tu. Muda uliobaki ulikwenda katika matengenezo, hali mbaya ya hewa na kungoja. Hesabu hiyo inaeleza uhusiano wa watu hao watatu kuliko hotuba za mapokezi. Thieffry ndiye aliyefikiria safari na kuipigania, lakini Roger, rubani wa kampuni ya Sabena, ndiye aliyekuwa kwenye usukani kwa sehemu kubwa, na De Bruycker ndiye aliyezifanya injini tatu ziendelee kufanya kazi katika vumbi la Sahara na unyevu wa msitu. Umma ulishika jina moja. Hata leo kituo cha treni ya chini ya ardhi huko Brussels kinaitwa Thieffry, na anayepita hapo ni nadra kuwasikia wale wawili wengine. Si kosa la Thieffry, lakini ni dhuluma ya kawaida ya umaarufu.

Mwaka mmoja baadaye Georges Medaets, Jean Verhaegen na fundi Jef Coppens, wakitumia ndege ndogo ya Breguet 19 yenye injini moja, waliondoka tarehe 9 Machi 1926, wakafika Léopoldville na kurejea Brussels tarehe 12 Aprili, yaani kwenda na kurudi kwa muda mfupi kuliko Thieffry alivyotumia kwenda tu. Hapa ushindani ulizaa matunda, kwani ulithibitisha kwamba njia iliyofunguliwa kwa taabu inaweza kupitika kwa kasi, na wa pili wasingeweza kupanga vituo vyao bila uzoefu wa wa kwanza. Ila ushindani huohuo haukumwacha Thieffry atulie. Mwaka 1928 alijaribu tena mara mbili, na mara zote mbili safari zilikatika. Ndipo akageukia kazi ya kuanzisha usafiri wa anga ndani ya Kongo yenyewe, na tarehe 11 Aprili 1929, akiwa katika safari ya majaribio kwa ndege ya chuma aina ya Aviméta, alikumbana na tufani karibu na Ziwa Tanganyika. Yeye na Gaston Julien walifariki; fundi Eugène Gastuche alisalimika. Sabena ilipofungua usafiri wa kudumu kati ya Brussels na Léopoldville tarehe 23 Februari 1935, Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt waliruka katika ndege ya Fokker iliyopewa jina la Edmond Thieffry, na safari ikachukua siku zisizofika 6.

Wakati huohuo upande wa mashariki wa maziwa ulikuwa na kundi lake. Nairobi, mwaka 1929, Florence Kerr Wilson na rubani Tom Campbell Black walianzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo ndege zake zilibeba barua, wagonjwa na wawindaji. Campbell Black alikuwa ameruka upande wa Uingereza katika vita, naye mwaka 1931 ndiye aliyempata na kumwokoa Ernst Udet, aliyekuwa mmoja wa marubani hodari wa kivita wa Ujerumani, baada ya Mjerumani huyo kushuka kwa lazima katika mabwawa ya Nile kusini mwa Sudan alipokuwa akirudi kutoka kupiga filamu Afrika Mashariki. Miaka 13 kabla, kila mmoja angetakiwa kumtungua mwenzake. Campbell Black huyohuyo alimfundisha urubani Beryl Markham, aliyelelewa Njoro nchini Kenya, ambaye tarehe 4 na 5 Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi na kuangukia katika kinamasi cha Nova Scotia.

Ndege aliyoitumia Markham, Vega Gull ya John Carberry wa Kenya, ilikuwa ikisubiriwa na mwenyewe kwa mashindano ya Septemba hiyohiyo kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Campbell Black naye alikuwa amejiandikisha. Miaka miwili kabla, akiwa na C. W. A. Scott, alikuwa ameshinda mbio za Uingereza hadi Melbourne kwa muda wa saa 71 hivi, wawili hao wakipokezana usukani katika chumba kisichotosha mtu kujinyoosha. Sasa kila mmoja alikuwa na ndege yake na washirika hao wangekuwa wapinzani. Haikutokea. Tarehe 19 Septemba 1936, katika kiwanja cha Speke, Liverpool, ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua iliigonga ndege ya Campbell Black ikiwa bado ardhini, naye akafa.

Mbio zilianza tarehe 29 Septemba na ndege 9. Njia iliteremka Afrika Mashariki yote, na miinuko ikaanza kuzipunguza. Safari ya washindani Llewellyn na Hughesdon iliishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, juu ya ncha ya kusini ya ziwa hilo, Airspeed Envoy ya Max Findlay ilianguka ilipojaribu kupaa katika hewa nyepesi ya kiwanja kilichoinuka kuliko hata Gisenyi, na Findlay akafa pamoja na mpokeaji wa simu wa ndege hiyo. Tarehe 1 Oktoba ni ndege moja tu iliyofika Johannesburg, baada ya saa 52 na dakika 56, nayo ilikuwa Vega Gull ya Giles Guthrie na Scott, siku 12 baada ya kifo cha Campbell Black.